Mashahidi wa Buffalo

Mtu akinijibu upesi bila kusitasita, mimi huanza kumtilia shaka. Mume wangu keshanizoea. Nikimuuliza amekula nini kazini, hunijibu polepole kwa makusudi, anakuna kidevu, anajifanya anakumbuka, ili nisije nikaanza kumhoji upya. Dada zangu husema ningefaa kuwa polisi. Nimeishia kuwa mhariri wa kamusi, na sioni tofauti kubwa.

Kamusi yenyewe hainilipi. Riziki yangu naipata ghalani, hapa Louisville, Kentucky, ninakoshinda nimesimama nikipitisha mashine ya kusomea lebo juu ya maboksi. Kamusi naifanya jioni na Jumapili baada ya ibada, kwenye meza ya jikoni kwetu Beechmont, kompyuta ikiwa katikati ya sufuria na madaftari ya watoto. Ni kamusi ya mtandaoni ya Kiswahili tunachokisema sisi wakimbizi tulioletwa huku, na ina sehemu ya visawe, ambako kila neno hukaa na ndugu zake. Tunaiendesha wawili. Mwenzangu ni Mkenya aliyekuja Columbus kusomea kompyuta, akamaliza, akaajiriwa na ofisi moja hukohuko. Yeye anashughulika na mitambo, mimi nashughulika na maneno. Tulikutana kwenye harusi kule Newburg, tukabishana kuhusu visawe vya kiporo mpaka pilau likapoa mbele yetu.

Kazi yangu ni ya kuchungulia. Mtu akitafuta neno asilipate, neno lile linaingia kwenye foleni ya maneno yaliyokosa jibu, na kila jioni naisoma foleni hiyo kuanzia juu. Sijui ni nani ametafuta, lakini naweza kuhisi. Maneno ya figo na mfuko wa uzazi yanaletwa na wakalimani waliosimama kwenye vyumba vya hospitali. Maneno ya kodi na bima yanaletwa na baba wa nyumba aliyefungua barua akaduwaa. Halafu yapo yale yaliyoandikwa kwa kubahatisha, kama yalivyosikika, na hayo najua ni ya watoto wetu. Bibi amesema kitu jikoni, mtoto hakuelewa, akaona aibu kuuliza, akachukua simu.

Neno halikubaliwi mpaka liwe na mashahidi wawili kutoka nyumba mbili, na kila shahidi atoe sentensi yake mwenyewe. Sheria hiyo niliiweka mimi, baada ya mtu tusiyemfahamu kutumwagia mamia ya maneno yaliyotungwa na mashine. Yalikuwa maneno mazuri. Yalikuwa na viambishi vyake, yalikuwa na mifano yake, na hakuna binadamu aliyewahi kuyatamka. Tuliyafuta kwa majuma mengi, na mwenzangu akawa halali vizuri. Tangu hapo nikawa kama mtu aliyeibiwa kuku, kila kivuli ukutani namwona mwizi.

Basi akatokea mtu wa Buffalo.

Alijisajili kimyakimya, hakuuliza swali, akaanza kuleta maneno. Yalikuwa ya jikoni, ya shamba, ya uzazi, ya magonjwa ya watoto wachanga. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, na mengi ya maneno yale niliyasikia utotoni kwenye foleni ya maji na kwenye mgao wa unga. Sikuwahi kuyaona yameandikwa popote. Ningepaswa kufurahi, na kwa siku mbili hivi nilifurahi kweli. Halafu nikaanza kuitazama mifano.

Chukua ukoko, ule utando mgumu wa ugali au wali unaobaki umeshika chini ya sufuria. Shahidi wa kwanza alisema hivi: Mama alikwangua ukoko akawagawia watoto sawasawa. Shahidi wa pili, mama mwingine wa mtaa mwingine, alisema: Mama alikwangua ukoko akawagawia watoto sawasawa. Nikafungua neno la pili, yaleyale. La tatu, yaleyale. Watu wawili hawasemi hivyo. Hata mapacha waliolala tumbo moja hawasemi hivyo.

Nikawaandikia kwa upole, nikaomba kila shahidi aseme kwa maneno yake. Jibu likaja kabla sijaosha vikombe. "Shikamoo mhariri. Wote wamesema hivyo hivyo. Tunaapa." Nililisoma jibu lile nimeshika sponji. Nani anaapa kwa ajili ya ukoko? Machale yakanicheza.

Nikampigia mwenzangu wa Columbus.

"Hawa watu wako wa Buffalo ni mashine," nikamwambia.

"Si watu wangu," akasema. "Na si mashine. Nimecheki. Ni simu ya kawaida tu, network ya huko West Side. Hao ni wamama wa kanisa."

"Mashine nayo hushikwa na mtu mwenye simu ya kawaida."

"Siz, wewe hata malaika akikuletea neno utamwuliza ID."

"Nitamwuliza mashahidi wawili."

Akacheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kumtazama na yeye kwa jicho la pembeni. Kwa nini awatetee? Tangu Buffalo waanze kuleta maneno, kamusi ilikuwa imenenepa, na yeye alikuwa na mazungumzo na watu fulani waliotaka kuiweka kwenye programu yao ya simu. Kamusi nene ingempendeza mnunuzi. Sikumwambia. Nililiweka moyoni pamoja na mengine.

Nikawaomba Buffalo watume sauti. Wakatuma. Nilizisikiliza ghalani wakati wa mapumziko, nimejificha nyuma ya marobota ya maboksi, vipokea sauti masikioni. Zilikuwa sauti za wanawake watu wazima, moja nzito, moja nyembamba, moja ya bibi asiye na meno. Kila mmoja alisema sentensi ileile kwa mwendo uleule, bila kukohoa, bila "eeh", bila kucheka. Mama yangu huwezi kumrekodi dakika moja asikuulize kama umekula. Hizi zilikuwa sauti zisizouliza chochote. Siku hizi mashine inaweza kutengeneza hata sauti ya bibi asiye na meno.

Jioni nikamsikilizisha binti yangu mkubwa zile sauti. Akasikiliza mbili akavua vipokea sauti.

"They sound scared, Mom," akasema.

Nikamwambia mashine haiogopi. Akainua mabega akarudi kwenye simu yake.

Nikaamua kuwafungia Buffalo mlango na kufuta kila walicholeta. Tatizo ni kwamba kufuta kunahitaji idhini yetu sote wawili. Hiyo nayo ni sheria tuliyoiweka baada ya yale maneno ya mashine. Mwenzangu akakataa.

"Tuwafute watu hata hatujawaona?" akasema. "Hapana. Njoo Columbus, twende kwa gari yangu. Ukiwaona na bado useme ni fake, mimi mwenyewe nitabonyeza delete."

Nikakubali. Tukawaandikia Buffalo waziwazi kwamba tunakuja Jumamosi kuwasikia mashahidi, na kwamba neno lisilothibitishwa litaondolewa. Jibu likaja papo hapo. "Karibuni sana. Mashahidi wote watakuwepo. Wamejiandaa."

"Wamejiandaa," nikamsomea mume wangu. "Umeona? Shahidi wa kweli anajiandaa nini?"

Mume wangu akakuna kidevu.

Nilipanda basi Ijumaa mpaka Columbus. Mke wa mwenzangu alikuwa amepika chapati na kuku, na mwenzangu akanionyesha kila kitu kwenye kompyuta yake bila mimi kumwomba, jambo lililonitia shaka zaidi. Nilikula, nikasifu chapati, nikawa natazama skrini kwa kuibia. Sikuona kitu. Asubuhi na mapema tukashika barabara ya kaskazini. Njia nzima alikuwa akinitania kwamba nitafika Buffalo na pingu. Nilimwacha azungumze. Nilikuwa nimeandaa maswali yangu kichwani, na nilikuwa na furaha ile ya mtu anayekaribia kumshika mtu.

West Side ilikuwa bado na theluji chafu kandokando ya barabara. Nyumba ilikuwa ya mbao, ya zamani, rangi imechubuka, viatu vimejaa barazani. Aliyetufungulia ni mwanamke wa makamo yangu, kiongozi wa akina mama wa kanisa lao. Baadaye nilijua anafanya kazi kiwandani na ndiye anayeingiza maneno yote, wakati wa mapumziko kama mimi. Alitusalimia kwa mkono, macho yake yakanipima kuanzia kofia mpaka soksi.

"Umetoka Kentucky kwa ajili ya maneno tu?" akauliza.

"Kwa ajili ya maneno tu."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajasadiki. Nikaona kumbe na yeye ni kama mimi, hamwamini mtu.

Sebuleni akina mama walikuwa wameketi kwenye viti vilivyopangwa mstari ukutani. Wote walikuwa wamevaa vitenge vya Jumapili na vilemba vipya. Kila mmoja alikuwa na bahasha ya plastiki mapajani, ile ambayo sisi wote tuliingia nayo nchi hii, ya vyeti na kadi. Chupa kubwa ya chai ilikuwa mezani na vikombe vimefunikwa kitambaa, lakini hakuna aliyemimina.

"Tutakunywa tukimaliza," kiongozi akasema.

Hapo roho yangu ikakataa kabisa. Nyumba ya Warundi na Wakongo, akina mama wamejaa sebule, mgeni ametoka safari, na hakuna chai, hakuna anayecheka, hakuna anayeuliza mimi ni mtoto wa nani. Mwenzangu aliketi kwenye kochi akatoa tabasamu lake, likamrudia mwenyewe. Nikamnong'oneza kwamba hawa wamefundishwa. Akaninong'oneza nitulie.

Nikasema nitazungumza na mmojammoja, jikoni, mlango umefungwa, ili mtu asisikie ya mwenzake.

Kiongozi akatikisa kichwa taratibu. "Niliwaambia mtatenganishwa," akawaambia wenzake. Wakaitikia kwa vichwa.

Wa kwanza alikuwa mama wa Kikongo, mnene, mwenye sauti nzito niliyoitambua kwenye zile sauti. Hakuketi mpaka nilipomwambia aketi. Kabla sijafungua mdomo alinitajia jina lake kamili, mwaka wake wa kuzaliwa, jina la baba yake na idadi ya watoto wake, waliokuja na waliobaki.

"Bon," akasema. "Uliza."

"Mama, ukoko ni nini?"

"Mama alikwangua ukoko akawagawia watoto sawasawa."

"Hiyo ni sentensi. Naomba maana, kwa maneno yako."

"Niko nakuambia vile tulisema. Donc unataka niongeze? Mi siongeze kintu."

"Si lazima iwe vile mlivyosema."

Akanitazama kwa huruma kidogo, kama ambavyo mtu humtazama mtoto anayetega mtego mbele ya macho yako. "Mama, mi nimezeeka katika maulizo. Hiyo ya kusema si lazima, naijua." Akainuka, akachukua bahasha yake, akatoka.

Wa pili alikuwa Mrundi, mwembamba, mikono imekauka kwa sabuni. Naye alianza na jina, mwaka, baba. Naye akasema sentensi ileile. Nikaona nimtege.

"Huyo mama alikwangua kwa nini? Kwa mwiko, au kwa kijiko?"

Akasita. Akautazama mlango. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo, na jikoni hakukuwa na joto.

"Hilo hatukuambiana," akasema.

"Hamkuambiana na nani?"

Akautazama tena mlango. Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilimshukuru, nikamfungulia mlango, na nilipomwona mwenzangu kule kochini nikamkonyeza kumjulisha kwamba kazi imekwisha. Maneno ya Buffalo yalikuwa yanaondoka siku ileile, na yeye mwenyewe ndiye angebonyeza. Nilimwita wa tatu kwa kutimiza tu.

Wa tatu ndiye bibi asiye na meno. Aliingia akishika ukuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Huyu hakunitajia jina. Aliketi, akaweka bahasha yake mezani, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Nikamuuliza ukoko ni nini, akasema sentensi ileile kama mtu anayekariri sala.

"Bibi, naomba useme tofauti," nikasema. "Wewe mwenyewe ulivyozoea. Huku sisi tunataka watu watofautiane. Mkisema kitu kimoja wote, hatuwezi kuwaamini."

"Mkitofautiana ndiyo mnaaminiwa?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Wewe ulikulia kambi gani?"

Nikamtajia.

"Ulihojiwa kabla ya kuletwa huku?"

"Nilihojiwa. Nilikuwa mtoto."

"Na baba yako aliwaambia mseme tofauti?"

Nikataka kumjibu haraka. Lakini nilimwona baba. Nilimwona ametukalisha chini kwenye kibanda, sahani zimesukumwa pembeni, anatuuliza mmojammoja mpaka ulimi uzoee. Tulikuwa na ng'ombe wangapi. Mlango wa nyumba ulikuwa rangi gani. Waliotuvamia walitokea upande wa mgomba au upande wa kisima. Kaka yangu akisema kisima, baba anamrudisha mwanzo. Hakuwa mkali, alikuwa akituomba. Mmoja wenu akitofautiana hata kidogo, alisema, watasema sisi ni waongo, na tutabaki hapa. Tulisema kitu kimoja. Tukaletwa Louisville.

Miaka yote hii nimekaa kwenye meza ya jikoni Beechmont nikiwinda watu wanaosema kitu kimoja, na sikuwahi hata siku moja kumkumbuka baba na mlango ule. Nilijisikia vibaya, na pia nilikasirika, kwa sababu sipendi kukamatwa mimi.

"Bibi, haya si mahojiano yale," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Mimi si afisa. Haya ni maneno tu. Hakuna mtu atakayefanywa chochote."

"Kila afisa alisema hivyo." Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kuipangusa ile bahasha. "Nina dada yangu, mkubwa wangu. Walituita siku moja, chumba hiki na chumba hiki. Wakamuuliza mlivuka mto saa ngapi. Akasema asubuhi. Wakaniuliza mimi, nikasema jioni. Wote tulisema kweli, mwanangu. Tulivuka mara mbili. Mara ya kwanza walitufukuza, tukarudi, tukavuka tena. Yeye alikumbuka ile ya asubuhi kwa sababu ndiyo mtoto wake alifia. Mimi nilikumbuka ya jioni kwa sababu ndiyo tulifika."

"Hamkuwaeleza?"

"Walishafunga faili. Mimi na wanangu tulipita kwa faili la mume wangu. Yeye akaambiwa angoje." Akainua macho. "Anangoja mpaka leo. Sasa wewe unaniambia niseme tofauti na jirani yangu."

 Nje ya mlango wale wengine, wanawake watu wazima, walikuwa bado wamekaa na chai yao imefunikwa. Nikamwambia bibi kwamba basi, imetosha, maneno ya Buffalo hayafutwi hata moja, na kwamba nitaiandika sheria upya. Nilidhani atafurahi. Yeye akawa kama hajasikia.

"Ngoja," akasema. "Ulitaka shahidi wa nyumba nyingine. Nina nyumba nyingine kabisa."

Akaingiza mkono kifuani akatoa simu. Kabla sijamzuia ilikuwa inaita. Kule kambini Tanzania jua lilikuwa linazama, na sauti iliyoitikia ilikuwa ya mwanamke mzee kuliko yeye, nyuma yake watoto na sufuria zinagongana. Bibi alizungumza Kiswahili, akaacha Kirundi makusudi, nadhani ili nisidhani wanapanga njama.

"Dada, niko na afisa."

"Afisa gani?"

"Wa maneno. Usiulize. Sikiliza vizuri, useme kama ninavyosema mimi, usiongeze."

"Bibi, mimi si—" nikaanza. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Sema: Mama alikwangua ukoko."

"Mama alikwangua ukoko," ile sauti ikasema, kwa utii.

"Akawagawia watoto sawasawa."

Kule kukawa na kicheko, kicheko kizito cha kifuani, cha kwanza nilichokisikia tangu nifike Buffalo. "Sawasawa wapi? Kipande kikubwa alikuwa anakupa wewe. Mimi ananipa cha kuungua, anasema mkubwa ana meno."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Naapa, na sasa ni mimi ninayeapa, kwamba ile ndiyo sentensi niliyoitafuta muda wote huo. Ilikuwa na mama ndani yake, ilikuwa na njaa, ilikuwa na wivu wa kitoto uliobaki mzima mpaka uzeeni, na hakuna mashine duniani ambayo ingeitunga. Mkono wangu ulikwisha kugusa karatasi.

Lakini bibi alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. 

"Nyamaza," akasema kwenye simu. "Nyamaza, dada, unatuharibia." Akanigeukia. "Mwanangu, hajui anachosema. Ni uzee. Usiandike hiyo. Nakuomba, usiandike. Aseme tena. Mwache aseme tena."

"Nimekosea?" sauti ikauliza kule mbali. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Ameshaandika?"

Bibi alikuwa ananitazama. Nilitaka kumweleza kwamba hakuna mtu anayeletwa wala kurudishwa kwa ajili ya kamusi yetu, kamusi ya watu wawili na kompyuta ya jikoni. Nilijua hatanisadiki. Mimi mwenyewe nisingemsadiki mtu wa namna yangu.

"Bado sijaandika," nikasema kwa sauti ili kule nako wasikie. "Aseme tu."

Basi nikaandika ile ya kwanza, ya Mama alikwangua ukoko akawagawia watoto sawasawa, shahidi wa Buffalo na shahidi wa kambini, nyumba mbili. Bibi akataka nimsomee. Nikamsomea polepole, na kule kwenye simu dada yake akanifuatisha neno kwa neno mpaka mwisho, na safari hii hakukosea.